Ishara hujengwa, haiokotwi: Somo kutoka filamu ya 'Get Out'

FILAMU ya 'Get Out' huanza kwa onyo, na onyo lenyewe hutolewa kwa Kiswahili. Baada ya tukio la kwanza, miti ya msituni inapita mbio kwenye skrini jinsi mtu aonavyo akiwa dirishani mwa gari, na chini ya picha hiyo zinasikika sauti za watu wanaonong'ona na kuimba. Wimbo huo uliotungwa na Michael Abels unaitwa 'Sikiliza Kwa Wahenga'. Mtazamaji wa Chicago au London anasikia sauti ngeni tu, akasisimkwa na mwili. Mtazamaji wa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam anasikia lugha yake ikimhimiza ndugu fulani atoroke angali na nafasi. Ndugu mwenyewe, mhusika mkuu, haelewi neno hata moja.

Nimelitafakari jambo hilo kila nilipoitazama filamu hii, nami naona linafaa kujadiliwa katika ukumbi wa lugha. Najua wasomaji wengi huziona filamu za kutisha kuwa upuuzi: damu, mayowe, na mlango unaojifungua wenyewe usiku wa manane. Sitabisha kwamba nyingi ndivyo zilivyo. Lakini chache zilizo bora zinafundisha ishara na taswira vizuri kuliko baadhi ya miongozo tunayowanunulia watoto wetu. Sababu ni kwamba hofu haielezeki. Mtu akikwambia "ogopa", huogopi. Sharti akuonyeshe kitu, na kitu hicho kifanye kazi.

Hebu tuanze na istilahi. Taswira ni picha inayojengwa akilini mwa msomaji kwa kugusa hisi zake. Ishara ni kitu au tendo ndani ya kazi ya sanaa linaloelekeza kwenye maana nyingine zaidi ya lile linaloonekana. Jazanda ni picha ya mafumbo inayoliwakilisha jambo moja kwa jingine. Mwanafunzi wa shule ya upili anazijua fasili hizi kwa moyo. Taabu huanza anapozitumia. Amekaririshwa orodha: damu ni kifo, giza ni uovu, weupe ni usafi, bundi ni mkosi. Basi akikutana na bundi katika riwaya, anaandika "mkosi" na kuendelea na swali linalofuata, hata kama bundi huyo ametua tu juu ya mti na kuondoka zake. Ishara imekuwa kama embe lililodondoka njiani: unainama, unaokota, unaenda.

Wasimulizi wetu wa zamani hawakufanya kazi hivyo. Chukua hadithi ya jini mwanamke inayosimuliwa na watu wa Mwambao. Mwanamume anakutana usiku na mwanamke mrembo wa ajabu. Msimulizi hana haraka. Anataja manukato, anataja hina mikononi, anataja buibui linaloburura ardhini. Wanatembea pamoja, wanazungumza, mwanamume anazidi kuzama. Kisha upepo unainua pindo la buibui, na chini yake mna kwato. Kwato zenyewe hazimtishi mtu. Kila punda wa Lamu anazo. Zinatisha kwa sababu ziko mahali palipostahili kuwa na miguu ya binadamu, na kwa sababu tumeliangalia lile buibui muda wote bila kuuliza kwa nini ni refu hivyo. Ishara imejengwa mbele ya macho yetu nasi hatukuiona.

Hiyo ndiyo kanuni aliyoifuata Jordan Peele alipoandika na kuelekeza 'Get Out'. Filamu hiyo ilitoka mwaka wa 2017. Ilitengenezwa kwa dola milioni 4.5, ikaingiza zaidi ya dola milioni 250 duniani. Mwaka uliofuata Peele akawa mwandishi wa kwanza Mweusi kushinda tuzo ya Oscar ya mswada asilia. Kwa kuwa imekuwepo kwa miaka kadhaa, nitaieleza mpaka mwisho wake. Asiyeitazama na anaipenda siri yake, basi aweke gazeti kando kwanza.

Chris Washington, mpiga picha kijana Mweusi aliyeigizwa na Daniel Kaluuya, Mwingereza mwenye wazazi kutoka Uganda, anakwenda mashambani kutambulishwa kwa wazazi wa mpenzi wake Mzungu, Rose Armitage. Baba mtu, Dean, ni daktari mpasuaji wa ubongo. Mama mtu, Missy, ni daktari wa maradhi ya akili. Wanamkaribisha kwa bashasha. Wafanyakazi wa nyumba hiyo, Walter na Georgina, ni Weusi pia, lakini namna wanavyozungumza na kutabasamu haimkai vizuri mtu. Mwishowe tunajua kwamba familia hii huwanasa vijana Weusi na kupandikiza ubongo wa Wazungu wazee ndani ya miili yao. Walter ni babu. Georgina ni nyanya.

KIKOMBE CHA MWENYEJI

Silaha ya kwanza katika nyumba hiyo ni kikombe cha chai. Usiku wa kwanza Chris anatoka nje kuvuta sigara. Akirudi anamkuta Missy ameketi, kikombe mkononi, kijiko kikizunguka taratibu. Anamwalika aketi. Anamuuliza kuhusu mamake. Kijiko kinaendelea kuzunguka, chuma kikikwaruza kaure, na kabla Chris hajatambua, mwili wake umekataa kumtii.

Kwetu huku chai ni lugha. Ukiingia nyumba ya mtu ukanyimwa chai, umeambiwa jambo. Ukipewa, umepokelewa. Ndiyo maana tukio hilo linamchoma mtazamaji wa Kenya kwa namna yake. Peele hakutafuta kisu wala bunduki. Alichukua kitu kinachosema "karibu" katika nyumba nyingi duniani, akakifanya mtego. Wala hakuishia hapo: mlio wa kijiko unarudi baadaye, na kila unaporudi hauhitaji maelezo. Tunausikia tu, mabega yetu yanakaza. Kikombe kimepata maana kwa kutumiwa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo ina busara ya kijiji: ukikaa na watu, shiriki kazi zao. Katika nyumba ya Armitage methali imepinduliwa. Mgeni hapewi jembe. Mgeni mwenyewe ndiye anayegeuzwa jembe, akashikwa mpini na mtu mwingine. Sijui namna fupi zaidi ya kueleza utumwa ulikuwa nini.

KULUNGU NA PAMBA

Wakiwa njiani kwenda huko, gari la Rose linamgonga kulungu. Chris anateremka na kumfuata msituni, anamtazama akikata roho. Kwa wakati huo ni ajali tu. Baadaye, mbele ya kikombe kile, tunafahamu kwamba mamake Chris aligongwa na gari alipokuwa mtoto, dereva akatoroka, naye mtoto akabaki nyumbani akitazama televisheni bila kumpigia mtu simu, huku mama akifa polepole kando ya barabara. Sasa tunaelewa alichokuwa akikitazama msituni.

Dean, kwa upande wake, anaposikia habari za kulungu anafurahi. Anawaona kulungu kuwa waharibifu waliozidi, anatamani wapunguzwe. Anayezungumza hivyo kuhusu mnyama, mbele ya mgeni, anazungumza kuhusu nani hasa? Katika Kiingereza cha Marekani, neno la kumtaja dume la kulungu liliwahi pia kutumiwa kama tusi kwa mwanamume Mweusi. Chris anapofungwa kwenye kiti chumbani chini ya nyumba, ukutani mbele yake kuna kichwa cha kulungu chenye pembe kubwa, kimekaushwa na kutundikwa kama pambo. Na anapojikomboa, anamuua Dean kwa pembe zizo hizo.

Angalia hatua hizo. Kulungu kwanza ni mnyama, kisha ni mama, kisha ni mtu Mweusi anayewindwa, kisha ni pambo la mwindaji, kisha ni mkuki mkononi mwa aliyewindwa. Mwanafunzi atakayeandika "kulungu ni ishara ya kifo" hatakuwa amekosea kabisa, ila atakuwa ameokota ganda akaacha kokwa. Na bado kuna hatua moja. Chris anapotoroka kwa gari, anamgonga Georgina. Angeweza kuendelea na safari. Lakini hawezi tena kumwacha mwanamke barabarani. Anasimama, anambeba, na huruma hiyo nusura imuue. Kulungu wa mwanzo ndiye anayetueleza kwa nini alisimama, bila mtu kufungua kinywa.

Pamba nayo imejengwa vivyo hivyo. Usiku ule wa kijiko, Chris akiwa katika majonzi, anakwaruza mikono ya kiti kwa kucha. Tunadhani ni wasiwasi tu. Baadaye, akiwa amefungwa kwenye kiti na kulazwa kila mara kwa mlio wa kijiko, kucha zake zinaipasua ngozi ya kiti, na ndani mnatokeza pamba. Anaichuma, anaitia masikioni, hasikii tena. Anapona. Mababu wa Chris walichuma pamba kwa kupigwa viboko, wakamtajirisha mwingine. Mjukuu wao anachuma kiasi cha viganja viwili na kuokoa roho yake. Hakuna anayelitaja neno utumwa katika tukio hilo, na hakuna haja.

WEUPE NA WEUSI

Hapa ndipo ile orodha ya darasani inapovunjika kabisa. Tumezoea kwamba weupe ni wema. Kiswahili chenyewe kina moyo mweupe na moyo mweusi. Lakini lugha yetu ina pia sanda, na sanda ni nyeupe. Rangi haina maana moja popote. Hupata maana kwa jirani yake.

Katika 'Get Out', gari linalomteka kijana Mweusi usiku katika tukio la kwanza ni jeupe. Siri ya Rose inapofichuka, tunamwona ameketi kitandani kwa utulivu, amevaa nguo nyeupe, akitafuta kijana mwingine wa kunasa kwenye tarakilishi. Anakula nafaka za rangi mbalimbali kutoka bakuli moja, na kunywa maziwa kwa mrija kutoka gilasi nyingine. Rangi huku, maziwa kule, visichanganyike. Ni picha ndogo, haina damu hata tone, na mimi hunitisha kuliko upasuaji wote unaofuata.

Na weusi je? Weusi ni kule anakotumbukia Chris Missy anapokoroga chai: shimo lisilo na sakafu, ambamo anaelea akipiga mayowe yasiyotoka. Juu kabisa, mbali, anauona ulimwengu kupitia kidirisha kidogo kama televisheni. Tukumbuke kwamba televisheni ndiyo aliyokuwa akiitazama mamake alipokuwa akifa. Amerudishwa kwenye dhambi yake ya utotoni: kutazama bila kutenda. Peele aliwahi kueleza kwamba shimo hilo ni hali ya watu waliosukumwa pembeni, ambao hata wakipiga kelele mfumo unawanyamazisha. Giza hilo basi si uovu. Mwovu yuko juu, kwenye mwanga, na kikombe mkononi. Filamu nyingi za kutisha, tangu 'Nosferatu' ya mwaka wa 1922 na kile kivuli chake maarufu kinachopanda ngazi, zimetufundisha kuogopa kilicho gizani. Hii inatufundisha kumhofia aliyetutia humo.

Kuna jambo jingine la macho. Mshindi wa mnada wa Chris, mnada unaofanywa kimyakimya kwa kadi za bingo, ni muuza sanaa kipofu. Anasema hajali rangi ya Chris. Anachotaka ni macho yake, jicho la msanii. Anaamini kwamba kauli hiyo inamtakasa. Na kinachowaamsha waliotekwa, japo kwa dakika moja, ni mwanga wa kamera: unapowamulika usoni, aliyezama anaibuka. Mpiga picha anatafutwa kwa ajili ya jicho lake, na anaokolewa na chombo cha kazi yake.

ILIPOLEGEA

Filamu hii haikosi dosari. Ubovu wake mkubwa ni pale Chris anapowekewa televisheni akiwa kitini ili aelezwe, hatua kwa hatua, atakavyofanyiwa upasuaji. Jamani, tulikuwa tumeshaelewa! Walter aliyekimbia usiku kumwelekea Chris kama mwanariadha. Kisa cha babu aliyeshindwa na Jesse Owens kufuzu kwa Olimpiki ya 1936. Georgina akilia machozi huku midomo ikitabasamu. Vyote hivyo vilikuwa vimetueleza kwa picha. Maelezo ya mdomo yamekuja kama mtu anayetega kitendawili, kisha anajijibu kabla hajapewa mji. Ishara ikifasiriwa na mwenyewe, hupoa. Mauaji ya mwishoni nayo, ukiondoa zile pembe, ni ya kawaida, tumeyaona kwingine.

Hata hivyo, dakika za mwisho zinarekebisha mambo. Chris amepiga magoti barabarani juu ya Rose anayevuja damu, na taa za bluu na nyekundu zinatokea gizani. Katika filamu nyingine taa hizo ni habari njema: msaada umefika. Hapa ukumbi mzima unakata tamaa, kwa sababu kila mtu anajua polisi wataona nini: mwanamume Mweusi, mwanamke Mzungu, damu. Peele alikuwa hata ametengeneza mwisho ambamo Chris anakamatwa na kufungwa. Akaubadilisha; anayeshuka garini ni Rod, rafikiye Chris, mlinzi wa usalama wa uwanja wa ndege. Lakini sekunde zile za taa tayari zimesema kila kitu. Taa ni zile zile, waya ni ule ule. Maana imegeuka kulingana na aliyesimama mbele yake. Vijana wa mitaa mingi ya Nairobi hawahitaji mwalimu wa kuwafafanulia tukio hilo.

LUGHA YETU KAMA ISHARA

Sasa turudi kwa wimbo. Kisarufi, 'Sikiliza Kwa Wahenga' inamkwaza mzawa wa lugha. Sisi tungesema "Wasikilize wahenga". Kitenzi sikiliza hukipokea kitendwa chake moja kwa moja, hakihitaji kivushio cha "kwa". Mtu anaweza kuliita kosa na kufunga mjadala. Mimi naona pia kwamba "kwa" hiyo, iwe ilikusudiwa au la, inatia masafa: kana kwamba wahenga wako mahali fulani mbali, na sikio lazima lielekezwe huko.

Masafa hayo ni ya kihistoria. Wengi wa Waafrika waliouzwa Marekani walitolewa Afrika ya Magharibi na Afrika ya Kati Magharibi, si kwenye pwani yetu. Kiswahili hakikuwa lugha ya mababu wa Chris. Kilichukuliwa na Wamarekani Weusi katika karne ya 20 kama ishara ya Afrika nzima. Mwaka wa 1966 Maulana Karenga alipoanzisha sikukuu ya Kwanzaa, nguzo zake saba alizipa majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Mwaka huo huo televisheni ya Marekani ilimleta Uhura katika 'Star Trek', jina lililotokana na uhuru. Baadaye 'The Lion King' ya 1994 ikatupa Simba na Rafiki. Kwa hivyo lugha tunayoitumia kupatana bei ya sukuma wiki na kugombana na makanga, kwao ni jazanda.

Je, tufurahi au tulalamike? Wapo wanaofurahia kila neno la Kiswahili linaposikika Hollywood, kana kwamba kulisikika tu kunatosha. Sikubaliani nao. Mara nyingi lugha yetu huitwa huko kama pambo, sawa na kile kichwa cha kulungu ukutani: kizuri, cha kigeni, kimya. 'Get Out' imefanya jambo tofauti. Imekipa Kiswahili kazi. Katika filamu ambamo karibu kila mtu anadanganya kwa Kiingereza laini, ukweli unatangulia kusemwa kwa Kiswahili, kabla hata Chris hajafunga mkoba. Linaloniuma ni kwamba kimepewa sauti ya wafu pekee. Kiswahili kinanong'ona kutoka kaburini kwa mtu ambaye hakufundishwa kukisikia. Na katika nyumba nzima hayupo aliye hai wa kumfasiria. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, twasema. Lakini je, yule aliyenyang'anywa lugha ya wakuu wake? Wimbo huo mfupi unauliza swali hilo, na kwangu ndiyo ishara nzito kuliko zote, ingawa ni ya sikio na wala si ya jicho.

Walimu wenzangu, pendekezo langu ni jepesi. Tuwaache wanafunzi waifuate ishara tangu inapoingia hadi inapotoka. Waulize: kitu hiki kilionekana mara ya kwanza wapi? Kilikuwa kikifanya kazi gani? Kiliporudi, kilikuwa kimebadilika vipi, na nani alikuwa amekishika? Maswali hayo yatawafaa kwenye riwaya na tamthilia zinazotahiniwa, na yatawafaa pia kwenye mabango ya kampeni na matangazo ya biashara, ambako watu hutumia rangi na vikombe vya chai kutukaribisha mahali tusipopajua. Mwenye kuzoea kuuliza mbona buibui ni refu hivyo, haendi mbali na jini.